Picha ya Mama Iliyofutika

Jumanne moja ya Agosti 2008 nilikuwa Kitale nikipanga tovuti ya kanisa letu. Idara ya akina mama ilikuwa na folda yake ya picha, na matangazo ya vifo yalikuwa na yake. Mimi, msomi wa kompyuta, niliuona mpango huo kuwa fujo, nikazihamishia picha zote katika folda moja. Kompyuta iliuliza kama faili lenye jina “mama” lichukue nafasi ya jingine lenye jina hilohilo. Nilikubali bila kutazama, kisha nikazifuta folda za awali.

Kesho yake Wekesa, muumini wetu wa Bungoma aliyefiwa na mamake, alinipigia simu.

“Madam, umetangaza kifo cha mwenyekiti wa akina mama! Ati amekufa, na si ndiye anatupikia chai hapa matangani!”

Nilicheka. Yeye pia alicheka kidogo.

“Sasa rudisha picha ya mama, bana. Tunaichapisha tuiweke juu ya jeneza. Hatuna ingine.”

Nilitafuta kila mahali. Hata diski aliyoniletea ikiwa na picha hiyo nilikuwa nimeshaijaza kazi nyingine. Nikamwambia mtandao una hitilafu.

Walimzika Ijumaa, jeneza likiwa na maua peke yake.

Wiki tatu baadaye nilimwandikia: “Ndugu Wekesa, mtandao haukuwa na hitilafu siku ile. Picha ya mama ilikuwa imefutika, na aliyeifuta ni mimi.”