Watoto wa Tache Kwenye Fomu

Tache hunusa maziwa kabla ya kusalimia mtu. Ukimkuta sokoni Isiolo asubuhi, pua yake iko mdomoni mwa mtungi na mkono wake umekuashiria unyamaze. Akishainua kichwa ndipo utapata salaam aleikum yako. Maziwa yake ya ngamia huletwa na gari kutoka upande wa Kinna, na jua likiwa kali huchacha njiani. Siku hizo humwaga mtungi mzima huku ameuma midomo, nami humwonea uchungu sana.

Ndiyo sababu, akiwa na miaka thelathini na minne, aliamua kuomba nafasi chuoni, kozi ya mwaka mmoja ya kuhifadhi maziwa. Alikuja kwenye saiba yangu, duka la kompyuta na mtandao, hapa Kiwanjani akiwa na cheti chake cha kidato cha nne, mtoto wake Barwaqo wa miezi minne mgongoni, na mama yake mzazi, ambaye mtaa mzima tunamwita Akko, yaani nyanya.

Tulijaza fomu vizuri mpaka tukafika kwenye swali la idadi ya watoto na umri wao.

"Wangapi?" nikauliza.

Akko alinitazama kana kwamba nimetukana msikiti. Nimeishi na Waborana miaka mingi, nilipaswa kujua: mtoto hahesabiwi. Ukimhesabu unamwitia mabaya. Sisi Wameru tunahesabu hata kuku wa jirani, kwa hivyo mdomo wangu huponyoka.

"Andika wawili," Akko akasema.

Tache akataja umri wa wale wakubwa wawili, kumi na tano na kumi na tatu. Mimi, mwenye haraka zangu na wateja mlangoni, nikabonyeza, fomu ikaenda. Barwaqo alikuwa anacheua begani mwa mama yake wakati huo huo, na hakuna aliyeona ajabu.

Wiki tatu baadaye jibu likaja. Amechukuliwa! Tache alipiga kigelegele hadi fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akaja kuuliza ni harusi ya nani. Kisha nikasoma chini: amepewa kitanda katika chumba cha wanne, na watoto hawaruhusiwi. Chuo kina vyumba vichache vya akina mama wanaonyonyesha, lakini hivyo hupewa wale tu walioonyesha mtoto mchanga kwenye fomu. Marekebisho mwisho Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Bila huyu siendi," Tache akasema, akimshika Barwaqo mguu. "Sitamwacha na maziwa ya kikombe."

Aibu ilinishika, nayo aibu ikinishika hunifanya mjanja. "Tutume fomu nyingine, mpya kabisa," nikasema. "Ama tuseme mtandao ulikosea."

"Fomu mbili watazitupa zote. Na mtandao haukuzaa hawa watoto, Makandi. Nimezaa mimi. Andika ukweli."

Basi tukaandika barua fupi kwa jina lake. Kosa ni langu, nilijaza watoto pungufu kwa sababu kwetu hatuwahesabu. Nina mtoto anayenyonya, kadi yake ya kliniki ni hii. Naomba chumba cha mama na mtoto. Nilipomwambia aonyeshe watoto wote, alifikiri kidogo, kisha akawataja kwa majina, polepole: Dullo, Anisa, Guyo, Sadia, Tari, Barwaqo. Akko alisikiliza hadi mwisho na hakugomba. Kutaja si kuhesabu.

Alhamisi hatukupata neno. Ijumaa mchana simu ya Tache ikalia, yeye na Akko wakiwa dukani kwangu, naye akaiweka kwenye spika. Alikuwa karani wa chuo, mwanamke mwenye sauti ya kuchoka.

"Barua nimeisoma, mama, na majina nimeyaona. Lakini hapa panataka nambari, na siwezi kukujazia mimi, kwa sababu ulikosea hapo hapo. Nitajie nirekebishe. Wangapi?"

Tache akamtazama mama yake, akatazama chini, machozi yakaanza kumlengalenga.

"Haloo? Mama, nina wengine kwenye laini."

Nilitaka kupiga kelele mimi. Nambari ilikuwa kwenye ulimi wangu, lakini haikuwa yangu kuisema.

Akko akanyoosha mkono, akaichukua simu. Bibi huyu, ambaye hata mbuzi wake ukimwuliza hesabu hukujibu "wapo tu", aliishika kwa mikono miwili.

"Wewe msichana, unanisikia? Mimi ni mama yake." Akavuta pumzi. "Ni sita. Mungu awalinde, ni sita."

Tukasikia vidole vya karani vikibonyeza. "Nimeweka sita. Chumba cha mama na mtoto kimebaki kimoja, ni chako, Tache. Mlete huyo mdogo."

Tache alimkumbatia mama yake huku analia na kucheka, na mimi nikawakumbatia wote wawili, Barwaqo akibanwa katikati. Akko hakuwa amemaliza. Aliinua simu tena mdomoni.

"Umeandika sita?"

"Ndiyo, nyanya."

"Sawa. Lakini acha mahali pa kuongeza."

"Mama!" Tache akapiga kelele. "Mimi naenda kusoma!"