Kitone Cheupe Baharini

Watu wa Siyu wakikuhadithia habari za Rawiya watakwambia alirukwa na akili. Usiwasikize. Rawiya alikuwa na akili zake timamu, na macho yake pia, na hayo macho ndiyo yaliyomponza.

Alikuwa mshona kofia. Si hizi za mashine wanazouziwa wageni, la; kofia za vitobo, zinazoshonwa kwa mkono, tundu baada ya tundu, na ukikosea kitobo kimoja ua zima linaharibika. Kazi hiyo aliirithi kwa mamake, ikamlea tangu usichana, ikampa na jicho la ajabu. Umwonyeshe kofia mbili za ua moja, angekwambia papo hapo kwamba hii ina kitobo ambacho ile haina. Mumewe Bakr hakuvaa kofia iliyopita mkono mwingine, na alijisifia hilo barazani mpaka wenzake wakamchoka.

Bakr alikuwa na boti ya faiba, nyeupe pe, akipeleka unga na soda Kiunga na kurudi na samaki wa chumvi. Safari moja hakurudi. Jamaa wakamtafuta, wakaokota tangi lake la mafuta likielea upande wa Kiwayu, basi. Boti haikuonekana wala maiti. Miezi ikapita. Mwishowe kadhi akasikiliza mashahidi, akasema hakuna shaka tena: Bakr ahesabiwe amekufa, asaliwe sala ya ghaibu siku ya Ijumaa, na mkewe aingie eda.

Rawiya akakataa. Nawe hebu fikiri. Mwanamke huingia eda akiwa amelia juu ya maiti, amemwona mtu wake sandani, amesikia jeneza likitoka mlangoni kwa shahada. Yeye aliambiwa avue bangili kwa sababu ya tangi la mafuta. Mama mkwe wake, Bi Barka, alitaka kitu kimoja tu duniani, mwanawe asaliwe. Alilia asubuhi na jioni kwamba mtoto wake yuko huko peke yake, hana hata dua. Rawiya alimpenda sana yule mzee, na ilimuuma, lakini kila siku alimwomba muda. Muda wenyewe aufanyie nini, hakujua.

Katika chumba cha nje cha nyumba yao alipanga Mwalimu Nkatha, msichana wa Meru aliyeletwa kufundisha shule ya msingi. Ukuta wa darasa lake ulikuwa mtupu, naye hakupenda watoto wakae wakitazama chokaa. Basi siku moja alitoka Lamu mjini na furushi la picha alizochapisha huko: sayari, miezi, mashimo ya mwezi wetu huu, mchanga mwekundu wa Mirihi. Akazitandaza mkekani. Rawiya akampikia gundi ya unga wa ngano, wakaketi pamoja kuzibandika juu ya maboksi.

Picha mbili zikamshika. Hazikuwa na rangi. Zote mbili zilionyesha pwani ile ile: bahari nyeusi, mkono wa maji ukiingia barani, vijito vimejipindapinda kama vya mikoko yetu, rasi, visiwa. Lakini ya pili ilikuwa na kitone cheupe juu ya maji, si mbali na nchi kavu, na ya kwanza haikuwa nacho. Mtu mwingine angepita. Rawiya akaiweka gundi chini.

Akauliza, polepole, kama hizi zimepigwa kutoka juu. Nkatha, kichwa kimeinama juu ya mkasi, akasema ndiyo, na chombo cha angani. Na hii ni bahari? Ni bahari, Bi Rawiya, bahari kabisa. Na hiki cheupe? Nkatha akacheka, akasema hapo hata wapigaji wenyewe walishangaa: walipopita mara ya kwanza hakikuwapo, walipopita tena wakakikuta.

Sasa niambie, lipi hapo lilikuwa uongo? Hakuna hata moja. Wamesema wahenga kuuliza si ujinga, na Rawiya aliuliza. Swali alilolikosa lilikuwa moja tu, bahari ya wapi, na mtu aliyezaliwa kisiwani haulizi hilo. Kwake bahari ni hii.

Asubuhi Nkatha aliondoka kwenda semina ya walimu. Rawiya naye akaitia ile picha ya pili ndani ya buibui, akashika ndia ya Mtangawanda bandarini, akapanda boti, hata akamfikia shemejiye Jeilani, aliyekuwa nahodha wa wageni kule Ras Kitau. Jeilani alikuwa mtu wa bahari. Yeye ndiye angalipaswa kucheka. Hakucheka. Aliigeuza karatasi hivi, akaigeuza vile, kisha akaweka kidole: huu ni mlango wa Ndau, na rasi hii anaijua, amelala hapo mara nyingi. Mfa maji haachi kutapatapa, na Bakr alikuwa ndugu yake wa tumbo moja. Akawaachia wenzake wale wageni, akatia mafuta, akaenda.

Rawiya akarudi Siyu na neno moja la kumwambia mama mkwe.

"Mama, ameonekana."

Bi Barka akaacha kulia. Alisimama akaomba maji ya kuoga. Akafua kanzu ya mwanawe, akaianika, akaifukiza udi, akatuma ujumbe kwa shehe kwamba ile sala ya ghaibu isisaliwe. Majirani wakaja kumpa mkono wa heri. Kila siku akaweka sahani ya Bakr na kuifunika kawa, akisema mtu aliyetoka baharini hafiki na shibe. Rawiya alimtazama akapata raha ambayo hakuwa ameionja tangu msiba uanze.

Jeilani alirudi amebabuka uso na midomo imepasuka. Alikuwa ameingia kila kijito na kuzunguka kila kisiwa, hata mwamba. Hakuona kitu. Hata hivyo hakukata tamaa. Alisema picha ile huenda ni ya zamani kidogo na boti imesogezwa na mkondo. Apate mpya zaidi, atarudi tena.

Nkatha alikuwa amewasili jioni ile ile kutoka semina, hajasikia lolote. Rawiya alimkuta mlangoni, akamuuliza kama anayo picha ya baadaye ya bahari ile. Masikini Nkatha akafurahi. Mtu mzima kavutiwa na somo lake. Akaitafuta kwenye simu, akampa.

Pwani ile ile, rasi ile ile. Maji yalikuwa meusi matupu.

"Hii ndiyo ya mwisho?" Rawiya akauliza.

"Ni ya baadaye. Walipopita tena hawakukikuta."

Rawiya akaketi chini, pale pale kizingitini. "Basi amezama," akasema.

Nkatha akauliza nani. Akaambiwa. Ndipo ikambidi aseme yote: kwamba ile si bahari yetu wala si dunia yetu, ni mwezi wa sayari ya Zohali, unaitwa Titani, na yale si maji bali gesi, kama ile ya kupikia, iliyogeuka majimaji kwa baridi. Picha yenyewe ina miaka zaidi ya kumi. Bakr alikuwa hajanunua hata kasia. Nkatha alisema huku analia, akiomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Rawiya hakulia.

"Na hicho chombo kilichozipiga?"

"Kazi ilipokwisha kilitumbukizwa Zohali, kikaungua."

"Kilikuwa na watu?"

"Hakikuwa na mtu."

"Na huku kwetu tini, duniani, hakuna vyombo vinavyotazama?"

"Vipo, Bi Rawiya. Vinapita kila siku."

"Na hakuna aliyemuona."

"Labda picha ipo mahali," Nkatha akasema. "Lakini hakuna aliyeitazama."

Rawiya akaondoka. Wenye macho ya kuona kitone huko Zohali wamemkosa mume wake hapa Kiwayu. Akaingia ndani, akavua bangili zake, akaziweka kitandani. Akamwambia Bi Barka amtume mtu kwa shehe, Bakr asaliwe Ijumaa hii. Akamweleza yote, mara ya kwanza na ya pili.

Bi Barka alisikiliza mpaka mwisho huku akiikunja ile kanzu.

"Hasaliwi mtu aliyeonekana," akasema.

Walimsalia, naam. Msikiti ulijaa, Jeilani akiwa safu ya mbele. Rawiya akakaa eda, chumbani, bila wanja wala udi, akimsikia yule mzee barazani akimsimamisha kila atokaye Kiunga kumuuliza kama wamepishana na mwanawe. Ijumaa ikipita nyingine ikija, mzee hajawahi kuinua mikono kumwombea maiti. Sahani bado huwekwa, na kawa juu yake.

Ile picha ya kitone Bi Barka aliichukua, hakuirudisha. Huilaza chini ya mto. Macho yake yameingia ukungu, hivyo kila alfajiri baada ya sala huja nayo kwa mkwewe, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Nionyeshe tena alipo," humwambia.

Na Rawiya hukishika kile kidole kikavu, akakipeleka taratibu juu ya karatasi, akakiweka penye kitone.