Boksi la Viatu Kutoka Mbeya

Siku niliyochaguliwa mwenyekiti ndiyo siku niliyoaibika kuliko zote maishani mwangu. Hebu sikilizeni.

Naitwa Flavian. Nauza mashati na masweta kwenye yale maduka ya zamani karibu na soko, Sumbawanga mjini.

Desemba iliyopita wateja walikuwa wanatupita tu. Vitu vya Krismasi wanaagiza Mbeya, vinaletwa na basi. Sisi tunabaki kupigwa na baridi.

Nikaanzisha kampeni: "Krismasi ni kwetu, nunua kwetu!"

Jumamosi tukakutana wenye maduka kumi na wawili kuchagua mwenyekiti. Cheo kile nilikitaka, acha kabisa! Mpinzani wangu alikuwa mzee Polikarp, anayeshona na kuuza viatu ng'ambo ya barabara.

Nikazima simu, nikapanda juu ya kreti la soda.

"Ndugu zangu! Anayeagiza Mbeya anawanyima watoto wa jirani pilau ya sikukuu!"

Enock wa vitenge akapiga makofi. Rosina wa keki akapiga vigelegele mpaka mtandio ukadondoka.

Mara guta la mizigo likasimama mbele yetu. Juu yake konda wa basi la Mbeya, na maboksi.

"Flavian Mashati! Mbona hupatikani? Viatu vyako hivi hapa!"

Jamani! Boksi limeandikwa kwa maka peni, jina langu na VIATU, herufi kubwa. Mizigo ya basi si mnaijua, lazima uandike na kilichomo.

"Tapeli!" Enock ndiye aliyepaza sauti kuliko wote.

"Wewe ndiye Enock?" konda akauliza. "Keki yako hii, shika vizuri isibonyee."

Enock akaipokea kwa mikono miwili.

Rosina akamgeukia. "Enock! Keki? Na mimi nipo hapa?"

"Na vitenge vya Rosina hivi," konda akaendelea. "Stendi matope matupu, nikaona niwaletee hapahapa, si mpo wote?"

Akaita majina kumi na moja, langu likiwemo. Aliyebaki mikono mitupu ni mzee Polikarp.

Tukapiga kura. Nilishinda, kura kumi na moja dhidi ya moja! Nani angemchagua mtu asiye na boksi? Angetutazama mwaka mzima.

Krismasi, nikiwa kwenye foleni ya komunyo, soli ya kulia ya viatu vile vya Mbeya ikabaki nyuma. Nilirudi kwenye benchi nikikanyaga kwa soksi. Mke wangu Avelina alijifanya hanijui.

Baada ya sikukuu nikapeleka kiatu ng'ambo, kichwa chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwenyekiti."

Akakishona taratibu, akachukua hela ileile anayomtoza kila mtu. Nilitamani hata anitukane, niumie mara moja yaishe.

Funzo ni hili: kabla hujapanda kreti kuwahubiria wenzako, vuka kwanza barabara.

Kutoka mlangoni kwangu hadi kwa mzee Polikarp ni hatua kumi na mbili. Nilizihesabu wakati narudi.