Mgeni wa Marehemu Babu

Kuhusu chakula cha kobe nimesikia mengi: kwamba huishi kwa umande, kwamba akishiba leo hula tena mwakani. Sikuyaona, kwa hiyo siyathibitishi. Juzi, hapa Mafiga, nilimkuta mjukuu wangu akimlisha kobe wake mkate uliochovywa kwenye chai. Alisema amesikia kobe hupenda mkate. Amesikia. Nami nikakumbuka niliyoyaona kwa bibi yangu, chini ya milima ya Uluguru.

Babu alipofariki aliacha kobe mmoja uani. Bibi alimhesabu kuwa mgeni wa marehemu, na kwake mgeni hakuandaliwa majani. Kila mchana, moshi wa kuni ukiwa bado haujatulia, nilitumwa kumpelekea matonge ya ugali yaliyolowa mchuzi wa maharage, pamoja na ndizi mbivu zilizoshushwa mlimani kwa matenga. Kobe alikula, nilishuhudia. Nilishuhudia pia gamba lake likilainika hata likabonyea chini ya kidole changu, kisha miguu ikashindwa kumbeba. Bibi akaacha kuimba jikoni. Alikuwa amekwisha kumzika babu.

Jirani yetu, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, aliyefuga kobe tangu utoto wake, alichungulia juu ya ukuta.

“Shikamoo, mama. Unalisha kobe au mume?”

“Marahaba. Nalisha mgeni. Kwangu mgeni hali majani.”

“Basi huyo utamuua kwa heshima. Mpe majani, umtoe na juani.”

Asubuhi iliyofuata mimi na bibi tulikwenda pembezoni mwa shamba, tukachuma matembele na mchunga, ile mboga chungu aliyozoea kuipika kwa karanga. Tuliporudi alimhamishia kobe juani, akaketi chini mbele yake. Kwanza akatafuna jani bichi la mchunga, uso ukamkunjamana. Ndipo akamnyooshea jingine.

“Haya, tunakula wote,” alimwambia.

Ugali haukurudi tena uani.

Nasikia gamba lilikauka vizuri, na kwamba kobe aliishi miaka mingi baada ya bibi. Sikuwapo, nilikuwa nimepelekwa shule ya bweni. Ule ua sasa ni safu ya maduka, na palipoota mchunga pamemwagwa zege. Ninachoweza kukithibitisha ni cha asubuhi niliyoondoka, sanduku likiwa tayari mlangoni: kobe amesimama kwa miguu yake minne, anavuta jani la mchunga mkononi mwa bibi, na bibi anatafuna la kwake.