Nilivyolipika sale la kumwomba baba msamaha

Wakuu wa daftari, salamu kwenu popote litakapowakuta: Machame, Moshono, huku Usa, hata wewe Filipo uliyehamia Moshi ukatusahau.

Najua mmenuna. Nimelikalia daftari hili kuliko mtu yeyote kabla yangu. Nilikuwa naandika kwa penseli, nafuta, naandika tena. Leo nimechukua wino ili nisiweze kufuta. Yaliyomo humu yamenipata mimi mwenyewe na sikuongeza chumvi.

Kwa atakayesoma bila kutujua: sisi ni watu tuliojifunza kusokota, kutia rangi na kufuma katika karakana ya misheni, juu kidogo ya mto Usa, miaka hii ya Mdachi. Tulipotawanyika tukakubaliana daftari moja lizunguke. Mmoja anasimulia kisa chake, wengine wanamjibu chini yake. Kila kisa tunakiita uzi, ni mazoea ya kazi tu. Na tunaandika Kiswahili kwa sababu mimi ni Mmeru, Filipo ni Mmachame, Nailepu ni Mwarusha, bila Kiswahili tungebaki kuonyeshana vidole.

Haya, twende taratibu.

Baba yangu alibeba chokaa ya kujengea Boma la Wadachi pale Arusha. Hakuulizwa kama anataka. Siku moja kikapu kilivuja, chokaa ikakutana na jasho, ikamuunguza bega la kushoto. Wenye kuijua chokaa mbichi mnaelewa.

Lile bega halikupona vizuri. Ngozi ilibaki nyembamba sana, na majira ya ukungu yakifika mlimani kwetu alikuwa anakaa ameupa moto mgongo, mkono mmoja umelifunika bega. Ndivyo ninavyomkumbuka tangu nina akili.

Basi fikirini mtu huyo anaambiwa na binti yake kwamba anataka kwenda kwa Wadachi kujifunza kufuma.

Baba hakuwa mtu wa kelele. Alimaliza kwanza alichokuwa anakula. Kisha akasema, "Nenda. Siku ukitaka kurudi, uje na sale."

Naomba nisimame hapa kidogo kwa ajili ya wageni. Sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani, Wameru na Wachaga wote wanao. Ukimkosea mtu unachuma jani, unalifunga fundo, unampelekea. Akilipokea, yamekwisha. Hata aliyekuulia ndugu akija na sale mkononi, mila inakutaka umsikilize.

Kwa hiyo baba alikuwa ameniachia mlango wazi. Mimi siku ile nilisikia nimefukuzwa tu. Nikafunga mzigo wangu na kwenda.

Karakana ilikuwa chini ya mama mmoja wa Kidachi tuliyempa jina la Bibi Gurudumu, maana hakuondoka kwenye lile gurudumu la kusokotea. Siku ya kwanza alituambia kila mtu alete sufu ya kondoo kutoka kwao.

Filipo, usikasirike, hili lazima nilisimulie. Alikwenda akamnyoa kondoo wa mjomba wake, akaja na kikapu kizima. Jamani, kondoo wetu ana nywele kama mbuzi! Bibi Gurudumu alizitia kwenye gurudumu zikaruka zote kama pumba. Mjomba mtu alikasirika, kondoo akawa anatetemeka kwa baridi, na sisi tulicheka mpaka tukakaa chini. Kumbe sufu aliyoitaka ilitoka kwa kondoo wa Makaburu, wale wenye manyoya mazito.

Baada ya kicheko kazi ikaanza. Kuosha sufu mpaka mafuta yatoke, kuichana kwa brashi za misumari, kusokota. Uzi wangu ulikuwa unakatika kila baada ya pumzi mbili. Bibi alikuwa na neno moja la Kidachi, nohaimali, yaani rudia. Tulilisikia kuliko majina yetu. Vidole vyangu vilitoka malengelenge, nikawa nalia nikijificha nyuma ya rundo la sufu.

Ila nilipoweza, niliweza kweli. Nilikuwa wa kwanza kutoa uzi usiokatika kutoka asubuhi hadi kengele ya chakula. Nikawa wa kwanza kukaa kwenye kitanda cha mfumi, kile kiunzi cha kufumia. Nikatandika mtande, zile nyuzi za urefu, bila kusaidiwa, na wengine wakawa wanakuja kuniuliza mimi badala ya Bibi.

Hapo ndipo kiburi kilipoingia, wakuu. Sitaki kukificha.

Siku moja kaka yangu mkubwa alipita akielekea sokoni Arusha. Akaniambia baba anakohoa, hatoki nje siku hizi, na lile bega linamtesa kuliko zamani. Akasema, "Ukimpelekea jani atalipokea. Mimi namjua."

Nikamwambia nitakwenda, lakini nitakwenda na kitu kizuri zaidi ya jani.

Nilikuwa nimepata wazo, nikaliona la maana kupita yote niliyowahi kuwaza. Jani linanyauka siku ya tatu. Mimi ningemfumia baba blanketi la sufu la kufunika bega lake, na rangi yake ningeitoa kwenye sale lenyewe. Msamaha na joto katika kitu kimoja, kisichonyauka. Nilijisifu moyoni kwamba hakuna Mmeru aliyewahi kufikiri hivyo.

Ni kweli, hakuna aliyewahi. Leo najua kwa nini.

Nilichuma masale vikapu vitatu. Bibi Gurudumu alinipa sufuria yake ya shaba na shabu ya kushikisha rangi, akafurahi sana, maana kijani kilikuwa kinamshinda siku zote. Filipo alinikuta nakatakata majani. Akasimama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hayo ni ya kupeleka au ya kupika?"

Nikamjibu kwa dharau kwamba mila nazo zinaweza kwenda shule. Akaenda zake.

Filipo, ulikuwa unanionya. Nakuomba radhi hapa mbele ya wote.

Rangi ilitoka. Kijani cha mgomba mchanga baada ya mvua, nyote mlikiona. Nikaanza kufuma, na kwa sababu ni la baba, kila nilipoona kasoro nilifumua. Nohaimali nikawa najiambia mwenyewe.

Kaka akaja mara ya pili, safari hii hakuwa anakwenda sokoni. Alisema baba anauliza kama ninakuja.

Nikamwambia bado shibiri nne.

Alilitazama lile blanketi kwenye kitanda cha mfumi, akanitazama mimi, akasema sawa. Ningeweza kulikata pale lilipofika. Shibiri nne zile zilinichukua siku nyingi, kwa sababu nilitaka pindo la mwisho lifanane na la kwanza.

Nilipomaliza nikapanda mlimani. Mama alinipokea mlangoni, akanishika uso, akasema baba amekonda lakini akili anazo zote. Nikaingia. Baba alikuwa mahali pake, mgongo kwenye moto. Nikapiga magoti nikamwamkia, nikalikunjua blanketi miguuni pake.

Alilipapasa kwa mkono ule mzima, polepole, kama anayetafuta kasoro, na hakuiona. Akaniuliza kama ni kazi ya mikono yangu. Nikasema ndiyo. Akasema ni nzuri. Wakuu, nilitaka kulia kwa furaha.

Kisha akauliza, "Na sale liko wapi?"

Nikamweleza kwa haraka, maneno yakikanyagana. Kwamba limo humo humo. Kwamba nimelichemsha, rangi yote ile ni sale, halitanyauka maisha.

Mkono wake ukaondoka kwenye blanketi.

"Umelipika," alisema. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniua hadi leo. Alisema kwa masikitiko, kama mtu aliyeona ng'ombe wake ameanguka korongoni. "Sale hupelekwa bichi, mwanangu. Likipikwa limekufa. Huna lingine?"

"Hilo ndilo, baba," nikajibu.

Akageukia moto.

Nilitoka nje nimefura. Mama akanifuata mpaka mpakani, pale masale yetu yanapoota, hata hatua ishirini kutoka mlangoni hazifiki. Akanishika mkono. Akasema, "Chuma moja tu urudi ndani. Amekuuliza kama unalo lingine, hukumsikia? Mimi siwezi kukuchumia."

Majani yalikuwa yananigusa kiwiko. Sikuhitaji hata kunyoosha mkono.

Na mimi, mwanafunzi bora wa karakana, nikamjibu mama yangu hivi: "Nimevichubua vidole miezi yote hii, na yeye anataka jani ambalo hata mbuzi analipita?"

Nikashuka zangu mlimani. Niliamini anaringa, na akilala na baridi siku mbili atajifunika tu. Nikapanga kurudi Jumapili, nimkute amelivaa, tucheke.

Siku ya nne nilikuwa mtoni naosha sufu. Kaka akaja akakaa kwenye jiwe. Akaniambia baba amefariki jana asubuhi. Nikamuuliza kama alijifunika blanketi. Akasema hapana, mama alilikunja akaliweka juu, na nikitaka nikalichukue.

Halafu akasema, "Kila mlango uliposogezwa aligeuza kichwa kuangalia ni nani."

Sikuwa nimemuuliza hilo. Natamani asingeniambia, na natamani angeniambia mapema zaidi. Sijui ninachotaka.

Siku ile nilichuma masale, wakuu. Nilichuma mpaka mikono ikajaa. Nilifunga mafundo njiani nikitembea. Nilipofika, baba mdogo alinizuia kwa upole nisiyaweke kifuani kwa marehemu. Alisema sale linahitaji mkono wa kulipokea, na mkono haupo tena. Nilibaki nimeyashika hadi watu walipomaliza kuzika.

Nililirudisha blanketi karakana kwa sababu sikuwa na mahali pa kuliweka. Bibi Gurudumu alilisifu mno. Akaliomba alipeleke Ulaya, likaonyeshwe kwa watu waliochangia magurudumu. Nikampa. Sasa liko huko, watu wanalishika na kusema ni kijani kizuri. Baadaye alitaka niwafundishe wanafunzi wapya ile rangi. Nikakataa. Akadhani nawabania ufundi, na tangu hapo hatuelewani vizuri. Sikumweleza. Ningemweleza kwa lugha gani?

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja kabla sijazaa.

Msinielewe vibaya, sijasema tusijifunze. Bado nafuma, sina kazi nyingine niijuayo. Ila siku hizi nikimaliza kitambaa siwezi kukisifu, na mtu akikisifu nakikunja haraka. Mama ninaishi naye, tunazungumza habari za ndizi na mvua. Lile neno nililomjibu pale mpakani hajalitaja hata siku moja, na mimi sijalitaja.

Nilichojifunza ni kidogo na kimenigharimu baba. Aliniomba jani. Nikaona jani ni dogo mno kwa mtu mwenye ufundi kama wangu, nikaamua mwenyewe kumpa kikubwa zaidi. Kile kikubwa kilikuwa cha kwangu, cha kujionyesha. Yeye hakukiomba.

Sasa naomba mchango wenu. Wa Machame, wa Marangu, yeyote mwenye wazee wanaojua: kuna njia ya kumfikishia sale mtu aliyekwisha kufa? Huku kwetu mmoja ananiambia ipo, mwingine ananiambia nisijidanganye. Andikeni mnachokijua, hata kama ni kibaya. Matusi pia nitayasoma, nafasi ya chini nimeiacha kubwa.

Lakini kama wewe unayelishika daftari hili una jambo na mzazi wako, na yuko hai, usinijibu kwanza. Liweke chini uende kwake. Daftari tutalingoja, hata likichelewa mwaka.