Mawe Niliyoyahamisha Kibuyuni

Ndugu msomaji, mimi mwalimu mzima niliwaibia watoto! Jina langu naomba lifichwe, ila kosa lenyewe acha nilitoe lote, limenichosha.

Nafundisha shule ya serikali ya Mdachi, yaani Mjerumani, hapa Dodoma. Mimi ni Mgogo. Darasani nilikuwa na Wagogo wengi na Warangi wachache wa kutoka Kondoa, na mwanzoni hawakukubali kukaa pamoja hata benchi moja. Nikawaambia, "Hapa hakuna Mgogo wala Mrangi. Kiranja mtamchagua wenyewe." Kila mtoto angetia jiwe moja katika kibuyu cha amtakaye. Waliosimama ni wawili: Salimu, Mrangi, na Ndahani, mtoto wa dada yangu.

Nilijua Ndahani atashinda tu. Dada naye alijua, maana boma la serikali lilitaka karani na kiranja ndiye angepelekwa. Akaniletea na maziwa ya kunishukuru mapema!

Nikafungua vibuyu peke yangu. Lo! Cha Salimu kilikuwa kizito. Watoto wa Kigogo wamemchagua Mrangi!

Si ndilo nililowafundisha? Lakini nikamkumbuka dada na maziwa yake. Nikahamisha mawe kumi, nikatoka nje, nikamtangaza Ndahani.

Hakuna aliyeshangilia. Warangi wakawageukia wenzao: "Mlituahidi! Waongo nyie Wagogo!" Wagogo wakaapa walimpa Salimu, kisha wakaanza kushukiana wenyewe. Ngumi zikafuata. Nami nimesimama pale, kengele mkononi, kimya! Neno langu moja lingetosha.

Wiki ile Warangi wote wakarudi kwao. Mpaka leo hakuna mzazi wa Kondoa anayetuletea mtoto.

Ndahani akaukataa ukarani. "Mjomba," akaniambia, "tulikubaliana sote. Hata mimi jiwe langu nilimpa Salimu. Hayo mawe uliyahesabuje?" Akaenda kupasua mawe kwenye reli. Tukikutana njiani haniamkii, na dada haji tena kwangu.

Walimu wenzangu, kama hamko tayari kupokea watakachochagua watoto, msiwaambie wachague! Mimi nimechelewa. Juzi nilivitoa tena vile vibuyu, nikawaambia wachague kiranja mpya. Wakatazamana, wakacheka. Mmoja akasema, "Mwalimu, tutajie tu jina."