Picha Iliyopigwa Bila Mimi

Mpiga picha, Mhindi wa pale mjini Kisii, alinitazama mlangoni akasema, "Yaya, mchukue mtoto kidogo, bibi apumzike."

Bibi mwenyewe ni mdogo wangu, tumbo moja na mimi, ameketi kitini na gauni langu la harusi, amempakata mwanangu. Mume wangu amesimama nyuma, mkono begani pake. Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokwisha.

Mume wangu alikuwa amenituma duka la pili nichague kanga, mtoto nimwachie mdogo wangu, nisiharakishe. Lakini nilimsikia mtoto akilia, maziwa yakanilowesha kifua, nikavuka barabara.

Mume wangu alikuwa akisoma chuo kikuu Uganda, mmoja wa wachache kutoka kwetu, na likizo ile alirudi mtu mwingine. Alivaa mashati mawili juani, moja juu ya jingine, ili mabega yajae. Alijinyima ugali, akajigeuzageuza mbele ya kioo cha kunyolea akitafuta kitambi ambacho hakuwa nacho. Nikamhurumia, mjinga mimi. Kumbe jicho lile lile la kujikagua alinikagua nalo mimi.

Nilikuwa nimejifungua. Mama mkwe alininywesha uji wa wimbi asubuhi na jioni, ndivyo mzazi anavyotunzwa kwetu, na nilipopita sokoni Mosocho wanawake walinishikashika mikono wakimsifu yeye kwa kunilisha. Ningekonda, aibu ingekuwa yake. Mwili huo huo mume wangu aliutazama akageuza uso.

Basi mle kwa mpiga picha, picha ikiwa imeshapigwa, nilimchukua mtoto. Mdogo wangu alikuwa analia. Alikuwa ameambiwa eti nimekubali.

"Ni picha tu, mama mtoto," mume wangu akasema. "Wewe huwajui wale watu."

Njiani akanieleza, eti nielewe. Bwenini kwao kila mwenye mke au mchumba hubandika picha yake juu ya kitanda, na wenzake hupita kitanda kwa kitanda wakitoa alama. Mke wa mmoja walimwita Gunia. Yule bwana akaichana picha, na tangu hapo akawa anakula peke yake. Hao ndio wasomi wetu. Wanawakadiria wake zao kama ng'ombe mnadani, kisha wanalala njaa wapate viuno vyembamba.

"Wakija kukutembelea, mimi utanificha jikoni?"

Alikuwa anavuta shati la juu lifunike la chini.

Mama mkwe alinisihi ninyamaze, mambo ya nyumba yasitoke nje. Lakini picha ilikuwa inatoka, tena inavuka mpaka. Basi nikaenda kwa wazee wa kanisa waliotufungisha ndoa. Walitaka baba yangu anisemee. Niliwaambia nimesoma, naweza kujisemea. Nikasimama nikawasomea:

"Mimi, mke wa ndoa, nalalamika mbele yenu kwamba mume wangu amekwenda kwa mpiga picha akamweka mdogo wangu mahali pangu, kwa kuwa anauonea haya mwili uliomzalia mtoto. Sitaki fidia wala maombi. Naomba mmwamuru ailete hapa picha ile ichomwe, kisha apige nyingine nami ndani yake, mtoto mapajani mwangu, mikono yangu ionekane yote. Na akirudi chuoni aibandike juu ya kitanda chake, wenzake wapite waitazame, na wakimuuliza ni nani, ajibu."